Tumbaku Isiyo na Kopo

Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wa misiba kwa wavuta kiko wa Ulaya na Marekani. Tumbaku za Dunhill, jina lililofungua duka mtaa wa Duke jijini London mwaka 1907, ziliondolewa sokoni. Mwaka huohuo McClelland, kampuni ya Kansas City iliyokuwa ikichanganya tumbaku ya kiko tangu 1977, ikatangaza kwamba inafunga kazi. Watu wazima wenye wajukuu walikimbilia madukani, wakanunua makopo kwa katoni na kuyafungia kabatini. Wala hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Kopo la zamani la Balkan Sobranie, mchanganyiko wa London uliosifika kwa majani ya Latakia kutoka Syria, likijitokeza leo mnadani bila kufunguliwa huuzwa kwa bei ambayo mfugaji wa Sitalike, hapa kwetu Katavi, angenunulia mbuzi kadhaa. Mwaka 2011 mchanganyiko huo ulirudishwa sokoni na watengenezaji wengine. Papo hapo wakongwe wakagawanyika, hawa wakisema ndio wenyewe, wale wakisema kilichorudi ni jina tu.

Sina kiko na wala sivuti. Kilichonivutia katika msiba huo ni maelezo ya McClelland. Walipoulizwa kwa nini wanafunga, walisema pamoja na mengine kwamba majani ya Virginia ya ubora waliouzoea, yale yanayoiva mpaka yakawa mekundu na kujaa utamu, hayapatikani tena kwa uhakika. Maana yake mchanganyiko ulianza kufa shambani, kiwanda kikafuata. Na Virginia ndiyo hii tunayoiita tumbaku ya mvuke, tumbaku ya Katumba, Mishamo na Inyonga, ya vijiji vyote vya Katavi ambavyo mabani yake ya kukaushia unayaona ukipita na basi.

Kwa hiyo tulikuwa ndani ya habari ile bila kujua. Miaka hiyohiyo TLTC, kampuni iliyokuwa mali ya Universal ya Marekani na mmoja wa wanunuzi wakubwa wa tumbaku nchini, ilikuwa inafunga virago Tanzania. Mpanda hilo lilizungumzwa sana, kwa haki kabisa, kama habari ya bei, makisio na madeni ya pembejeo. Mazungumzo juu ya ladha sikuyasikia. Mkulima wetu hana sababu ya kujua ladha. Anajua gredi. Majani yake yanatazamwa na mteuzi, yanapewa daraja, yanapigiwa bei kwa dola, yanasafirishwa kwenda Morogoro kusindikwa, kisha yanavuka bahari na kuchanganywa na ya Brazili, Zimbabwe na kwingineko ndani ya sigara ambayo hakuna aliyeandika Mpanda juu ya pakiti yake. Ukimwambia kwamba kuna mzee Marekani analilia tumbaku iliyopotea, atakuuliza analipa kilo shilingi ngapi.

Lakini mkoa huu nao una tumbaku yake iliyokoma, tena zaidi ya moja, na hatukuililia kwa sababu haikuwa na kopo.

Tuanze na iliyopo, ili tujue ilikalia nafasi ya nani. Mji wa Mpanda haukuzaliwa na tumbaku. Ulizaliwa na risasi, namaanisha madini ya risasi, ya mgodi wa Mukwamba. Ni kwa ajili ya mgodi huo Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210 za pori, likafika Mpanda mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1950. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki na mji ukabaki, ukingoja mzigo. Mzigo ulikuja na watu. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 maelfu ya wakimbizi walivuka, serikali ikawafungulia makazi ya Katumba, kando ya reli hiyohiyo, na mwaka 1978 ya Mishamo. Walipewa ardhi iliyokuwa msitu wa miyombo wakaambiwa walime. Walilima kweli, mahindi, maharage, mihogo, na tumbaku ya mvuke ambayo ndiyo iliyoleta fedha taslimu. Baadaye watu zaidi ya 160,000 kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Siku nyingine nitaandika juu yao peke yao, kwa sababu uchumi wa Mpanda wa miaka ile hauelezeki bila jasho la watu ambao kwa muda mrefu hawakuwa na hata kitambulisho cha nchi walimokuwa wakilipa ushuru.

Hiyo ndiyo tumbaku tunayoijua. Mbegu zake, kama K326, zilizaliwa Marekani. Mbolea yake huja kwa mkopo. Ikisha kuchumwa hufungwa kwa nyuzi na kupandishwa ndani ya bani, moto unawashwa, kwanza joto la nyuzi 35 hadi 40 ili majani yageuke manjano, kisha linapandishwa polepole mpaka karibu nyuzi 70 ili hata kikonyo cha katikati kikauke. Kazi hiyo huchukua takriban wiki nzima, usiku na mchana, na mtu lazima awepo kuchochea.

Kabla yake ilikuwepo nyingine. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi Februari 1858, Burton aliandika jambo ambalo wasomaji wake wa London huenda walilidhania masihara. Watu wa ziwa, alisema, hawakuhitaji kuivuta tumbaku kwa moto. Walibeba chungu kidogo cheusi chenye majani ya tumbaku ndani yake. Mtu akitaka starehe alitia maji, akakamua, akamimina maji yale kiganjani na kuyavuta kwa pua, kisha akaibana pua kwa vidole au kwa kibanio ili yasitoke, akakaa hivyo dakika kadhaa akizungumza kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Verney Lovett Cameron, msafiri mwingine Mwingereza aliyepita Ujiji mwaka 1874, naye aliona vibanio hivyo. Ujiji iko Kigoma, lakini maji ni yaleyale ya Tanganyika yanayopiga fukwe za Ikola na Karema, na wavuvi hawakuwahi kuuliza mpaka wa mkoa uko wapi. Mimi sijakutana na mtu yeyote mwambaoni anayefanya hivyo leo. Ugoro wa unga upo sokoni Mpanda, umefungwa kwenye vipande vya nailoni. Ugoro wa maji umetoweka na vibanio vyake, na sina hakika kama kuna kibanio hata kimoja kilichohifadhiwa katika mkoa huu.

Wiki chache kabla ya kufika ziwani, Burton alikuwa ameona jambo jingine huko Unyamwezi, kwenye kijiji cha Yombo, ambalo ninalipenda zaidi. Jioni, wanawake wa kijiji, vikongwe kwa wasichana, walitoka na vigoda vyao, wakakaa duara nje, kila mmoja na kiko chake, wakavuta taratibu huku wakipiga soga. Leo ukimwona bibi na kiko unageuka kumtazama mara ya pili. Zamani hizo aliyekuwa wa kutazamwa labda alikuwa yule asiyekuwa nacho.

Tumbaku ya viko hivyo ililimwa nyuma ya nyumba. Haikuwa shamba, ilikuwa mashina kadhaa tu, mara nyingi kwenye mahame, pale palipokuwa na nyumba au zizi hapo kabla, penye majivu na samadi ya miaka. Ilianikwa juani au ikatundikwa chini ya paa, moshi wa jikoni ukaipitia. Sehemu nyingine za nchi iliendelezwa mbali zaidi. Burton anaeleza jinsi watu wa Usambara walivyoitwanga kwenye vinu, wakaifinyanga mikate myembamba ya duara, wakaifunga kwa majani ya mgomba na kuipeleka mpaka Unguja. Hapo tayari kuna kila alichokuwa nacho Dunhill isipokuwa duka. Kulikuwa na jani lililochaguliwa, namna ya kulitayarisha, kifungashio, na wateja waliojua mkate wa huku na wa kule.

Upande wa Mpimbwe, mkoani humuhumu, nilizungumza na mzee mmoja aliyeivuta tumbaku ya mahame ujanani. Nilimwendea nikiwa na matumaini ya kusikia sifa. Nikamwuliza, "Babu, ile ya zamani ilikuwa tamu kuliko hizi sigara?" Akanitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, nani kakuambia ilikuwa tamu? Ilikuwa kali. Ilikuwa inakutoa machozi." Kisha akaanza, bila kuulizwa, kunieleza jani lipi lilichumwa kwanza na lipi liliachwa juu ya shina, ni lini maua yalikatwa, na kwa nini mama yake hakukubali jani liloweshwe na mvua likiwa kambani. Alieleza kwa nusu saa. Machozi aliyasahau, lakini utaratibu wote anao.

Nimeusoma mjadala wa wavuta kiko wa Ulaya juu ya Balkan Sobranie na naona wanagombania kitu kisichopatikana. Ladha ya mwaka 1960 haiwezi kurudi, kwani jani lililokaa ndani ya kopo miaka sitini limeendelea kuchacha na kubadilika, na ulimi uliolionja ukiwa na miaka ishirini sasa una themanini. Hata Latakia yenyewe, iliyotoka Syria, sasa hutoka Kupro. Anayefungua kopo la kale anaonja uzee wa kopo. Kinachoweza kurudi ni utaratibu, nao uko kwa watu, kichwani na mikononi. Wazungu wana bahati kwamba wa kwao, japo kwa sehemu, uliandikwa kwenye daftari za kiwanda. Wa kwetu uko kwa mzee wa Mpimbwe.

Kwa nini ulikatika? Sigara ya dukani ni jibu mojawapo, na si jibu dogo. Kiwanda cha sigara kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 na tangu hapo kijana wa kijijini alijua ustaarabu unanukiaje. Lakini nadhani kuna sababu iliyo chini zaidi, nayo ni kuhamishwa. Miaka ya 1920 Waingereza waliwakusanya watu wa Ukonongo, hapa hapa kwetu, kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, wakaacha nyuma vijiji na mahame yao. Nusu karne baadaye, kati ya 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa tena. Mmea unaopandwa kwenye majivu ya nyumba ya babu unahitaji nyumba ya babu. Ukimhamishia mtu kwenye kiwanja kipya kilichopimwa kwa kamba, mahindi atapanda, mihogo atapanda, lakini mashina yale machache ya tumbaku ya nyuma ya nyumba ni kitu cha kwanza kusahaulika. Halafu anakuja bwana shamba na mbegu ya mkopo.

Siwezi kuacha kukitaja kiko chenyewe, kwa sababu hapo napo tumepoteza na hatukumbuki. Katika miaka ya 1950 na 1960 nchi hii ilitengeneza viko vya kuuza nje. Eneo la Amboseli, mpakani na Kenya, lina jiwe jeupe, laini, jepesi, liitwalo meerschaum, ambalo kwa karne nyingi dunia ilizoea kulipata Uturuki. Tanganyika Meerschaum Corporation ililichimba na viko vikatengenezwa Arusha, vingine vikafunikwa ngozi kwa nje, vikapigwa mhuri wenye picha ya tembo na jina fupi, KIKO. Vilivutwa Uingereza na Marekani. Leo wakusanyaji wa viko vya zamani huko nje huviuziana, wakijiuliza huyo Kiko alikuwa fundi gani wa Kiingereza. Mtoto wa darasa la pili Mpanda angewajibu.

Basi wakati fulani nchi moja ilikuwa na kiko chake Arusha na jani lake bora magharibi, na hakuna aliyewahi kuvikutanisha. Reli ya Mpanda ilibeba tumbaku kwenda kuchanganywa na wengine, malori ya Arusha yalibeba viko kwenda kujazwa na wengine. Kuna watakaosoma hapa wakidhani ninataka kiwanda cha tumbaku ya kiko pale Nsimbo. La. Soko la kiko linazeeka na wateja wake wanazikwa, hata Dunhill ameliona hilo. Na hata lingekuwa kubwa, nisingelitaka. Tumbaku inaua watu zaidi ya milioni saba duniani kila mwaka kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa zake tangu 2003 na iliridhia mkataba wa kimataifa wa udhibiti mwaka 2007. Wala asidhani mtu kwamba ya babu ilikuwa salama kwa kuwa haikuwa na kemikali za dukani. Nikotini ni ileile, moshi ni uleule, na mtoto anayechuma majani mabichi yenye umande anaugua kwa sumu inayopenya ngozi, yawe ya K326 au ya mahame.

Ila wanaosema iache ife kwa sababu tumbaku ni mbaya wanakosea hesabu ya jambo moja, na ndilo linalonifanya niandike. Ile iliyokufa haikula msitu. Ilikaushwa na jua na upepo. Iliyobaki ndiyo inayokula. Kila kilo ya tumbaku ya mvuke inayotoka Katavi imeunguza kilo kadhaa za kuni, na kuni hizo ni miyombo, mininga na mitundu ya pori ambalo nyuki wa Inyonga wanalitegemea na ambalo mito inayoelekea Hifadhi ya Katavi inalitegemea zaidi. Tunapanda miti, ndiyo, kila mkulima wa mkataba anatakiwa kupanda, na kila msimu naona miche mingi barabarani kuliko miti mashambani. Tuliwahi kuwa na mmea wa jamii ileile uliokua hapa bila mbolea ya mkopo, bila bani na bila shoka, tukauacha tukachukua wenye vyote vitatu. Inawezekana ulikuwa uamuzi sahihi wa kifedha, na ada za shule nyingi zimelipwa na tumbaku ya mvuke. Lakini hatukuwahi kuufanya kama uamuzi. Ulitokea tu.

Na mbegu ya zamani ina matumizi ambayo si kuvuta. Tumbaku ni mmea ambao wanasayansi wameufanyia kazi kuliko mimea mingi. Kirusi cha kwanza kabisa kugunduliwa duniani kilikuwa cha ugonjwa wa batobato ya tumbaku, mwishoni mwa karne ya 19, na kinga dhidi ya ugonjwa huo ilikuja kupatikana kwenye ndugu wa porini wa tumbaku, mmea ambao hakuna mkulima aliyekuwa akiuthamini. Mashina yaliyojiotea yenyewe kwenye mahame ya Mpimbwe na Ukonongo, vizazi kwa vizazi, kwenye udongo huu na wadudu hawa, yanaweza kuwa na kitu. Yanaweza pia yasiwe na kitu. Hatutajua kwa kukaa.

Taasisi ya Utafiti wa Tumbaku, TORITA, iko Tumbi, nje kidogo ya Tabora. Hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea iko Arusha. Ninachoomba kwa halmashauri zetu tano na chama kikuu cha ushirika, LATCU, ni kidogo kiasi cha aibu. Maofisa ugani wapite kwa wazee Usevya, Mamba, Inyonga, Ikola na Karema mwishoni mwa msimu, vitumba vya mbegu vinapogeuka kahawia, waulize nani bado ana mashina nyuma ya nyumba, wakung'ute mbegu kwenye bahasha na kuandika jina la kijiji na maelezo ya aliyeitunza, jinsi alivyopanda, alivyochuma, alivyoanika. Gramu moja ya mbegu ya tumbaku ina punje zaidi ya 10,000, kwa hiyo bahasha zote za mkoa mzima zitaenea kwenye mfuko wa koti. Wachukue na simu, wamrekodi mzee akieleza, kwa Kipimbwe au Kikonongo kama ndivyo anavyoeleza vizuri, tafsiri itakuja baadaye.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa bajeti, na la pili litakuwa kwamba chama cha wakulima wa mvuke hakiwezi kutumia fedha za wanachama kwa mmea usio na mnunuzi. Hilo la pili ni la haki, na wanachama waulizwe kwenye mkutano mkuu. Kuhusu la kwanza, treni inayotoka Mpanda inapita Kaliua na kuishia Tabora, na kutoka stesheni mpaka Tumbi ni bodaboda moja.